Nondo Wamekula Suti, Mimi Nimekula Hasara

Jumamosi moja ilikuwa niwe mzee wa heshima. Sisemi uzee wa mvi, huo ninao siku zote na haujawahi kunipatia hata kiti kwenye daladala. Nasema uzee wa kazi. Mpwa wangu anaoa, baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mjomba ndiye wa kusimama ukumbini, ashike kipaza sauti, akohoe kidogo, kisha awakaribishe wakwe. Kazi hiyo haifanywi kwa shati la mikono mifupi. Inataka suti.

Suti ninayo. Tuseme nilikuwa nayo.

Niliinunua mwaka 2016 pale Mchikichini, Ilala, kwenye mitumba, baada ya kubishana bei na muuzaji mpaka tukawa kama ndugu waliogombea shamba. Kibandiko cha ndani kimeandikwa Kitaliano, na muuzaji aliniapia kuwa maana yake ni sufu tupu, asilimia 100. Najua utaniuliza mtu wa Mbagala anatafuta nini ndani ya suti ya sufu, katika mji ambao hata mbuzi saa saba mchana anagombea kivuli na bodaboda. Nilitafuta heshima, na heshima ina joto lake. Nimeivaa mara tatu tu: harusi ya jirani, mahafali ya binti yangu, na usaili wa kazi ambayo sikuipata.

Sasa fikiria safari ya nguo hiyo. Imekaa Ulaya miaka haijatoboka. Imekandamizwa ndani ya robota, ikavuka bahari, ikamwagwa chini, ikakanyagwa, ikatundikwa juani. Haikutoboka. Imekuja kufia kwangu, ndani ya kabati, ikiwa imepumzika.

Maana nilipoitoa asubuhi ile na kuinyanyua usawa wa dirisha, niliona jua. Lilipita kwenye kola, likapita begani, na kwenye makalio ya suruali lilipita mara saba. Nilihesabu. Chujio langu la chai lina staha kuliko suruali ile.

"Mama Nasra!" nikaita. "Nani amekula suti yangu?"

"Mimi sijaila, Baba Nasra," akajibu kutoka jikoni bila hata kugeuka. "Si nilikwambia ipelekwe kwa dobi kabla ya kuiweka? Ukasema umeivaa saa nne tu, haijachafuka."

Wanaume wenzangu, kuna sentensi ambazo mke huziweka akiba miaka kadhaa akingoja siku yake. Nguo zetu zingehifadhiwa vizuri kama zinavyohifadhiwa sentensi hizo, tusingekuwa na shida.

Nikatoka nje kutafuta huruma. Jirani yangu ni fundi ujenzi, nikamkuta anapima uzio.

"Jirani, nina tatizo la nondo."

"Za milimita ngapi? Kumi au kumi na mbili?"

"Saba hivi. Wanaruka."

Alinitazama kwa muda. Hapo ndipo alipogundua kwamba ngeli imebadilika.

Basi nikakaa na binti yangu Nasra, ambaye anasoma sayansi na huwa hanionei huruma, akanieleza adui yangu ni nani. Kwanza, yule kipepeo mdogo wa rangi ya dhahabu niliyekuwa nikimkimbiza na kandambili chumba kizima hana kosa. Nondo wa nguo akishakuwa mkubwa hali chochote. Mdomo wake haufanyi kazi. Yeye anaoa, anataga, anakufa. Mlaji ni mtoto wake, kiwavi, na huyo hutamuona akiruka. Yuko gizani, kwenye mkunjo, chini ya kola, anakula taratibu kama mgeni aliyesema anakaa siku mbili. Anaweza kukaa katika hali hiyo ya kiwavi miezi miwili, na mambo yakiwa magumu anaweza kukaa hata zaidi ya miaka miwili.

Wapo na jamaa zake ambao sote tunawafahamu ila hatujawahi kutambulishwa. Unavijua vile vifuko vya kijivu, bapa, vidogo kama mbegu ya tikiti, vinavyotambaa ukutani? Ukikitazama vizuri utaona kichwa kinatokea upande huu, kikiguswa kinarudi, kinatokea upande wa pili. Miaka yote nilidhani ni vumbi lenye roho. Kumbe naye ni mtoto wa nondo, amejishonea nyumba ya kutembea nayo, na akikosa nywele na utando wa buibui wa kula, sufu yako ni pilau kwake.

Na hapo kwenye pilau ndipo kesi yangu ilipoharibika. Viwavi hawa hutafuta sufu, hariri, manyoya na nywele, vitu vinavyotoka kwa wanyama. Pamba peke yake haiwavutii, wala poliesta. Lakini hata kwenye sufu wana mahali wanapopapenda: penye jasho, mafuta ya mwili na madoa ya chakula. Nasra akachukua suti, akanionyesha. Tundu la kola liko pale shingo inapotoka jasho. Tundu la kwenye mkunjo wa koti liko pale pale nilipodondosha mchuzi kwenye harusi ya jirani, nikapangusa kwa kidole nikaona yameisha. Hakuwa kiwavi mharibifu. Alikuwa anafuata ramani niliyomchorea mwenyewe.

"Kwa hiyo baba," akasema, "hukuweka suti. Uliweka chakula."

Nimemlipia ada mtoto huyu.

Kosa la pili nalo ni langu. Nilipoirudisha suti kabatini niliifunga ndani ya mifuko miwili ya rambo, nikakaza fundo, nikajiona hodari. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ikatoweka sokoni, ikatoweka dukani kwa Mpemba, lakini kabatini kwangu ilipata hifadhi ya ukimbizi. Sasa plastiki haichagui. Inazuia vumbi lisiingie, na inazuia unyevu usitoke. Nguo ikiingia humo na jasho lake, au haijakauka sawasawa kwenye pindo na mifuko, inabaki inajitokosa kama kande. Pwani hii hewa yenyewe ni ya kunywa; ikija masika, kuanzia Machi mpaka Mei, hata chumvi mezani inalia. Kwa hiyo mashati yangu meupe niliyoyafungia humo kwa usalama yalitoka na kawa, vile vidoa vyeusi vyeusi ambavyo ukivifua vinakuangalia tu. Kawa ni kuvu, kiumbe hai, na anachotaka ni unyevu, uchafu kidogo na hewa isiyotembea. Vyote vitatu nilimpa bure.

Kabati lenyewe nililisukuma hadi likagusa ukuta wa nje, ule unaotoka jasho mvua ikinyesha. Fundi wangu wa nondo za milimita kumi ndiye aliyeniambia: acha nafasi ya kiganja nyuma yake hewa ipite. Mshahara wake wa ushauri ulikuwa chai na maandazi manne.

Nikaamua kupambana kisasa. Kituo cha basi kuna kijana anauza vile vidonge vyeupe vya kabatini, naftalini, pakiti moja bei hivi, nne bei hivi ukichukua na sumu ya panya. Nikanunua nne, nikamimina vyote kama ninayepanda mahindi. Jioni yake shangazi akaja kututembelea. Alifika mlangoni, akanusa, akavua viatu polepole, akafunika kichwa vizuri kwa kanga na kuuliza kwa sauti ya chini: "Poleni wanangu. Amefariki nani?"

Simlaumu. Pua yake inaijua karafumaiti, na harufu hizi mbili ni kama binamu. Nyumba nzima ilinuka kama tunamngoja mtu wa kumwosha.

Na kumbe hata dawa yenyewe nilikuwa naitumia kinyume. Jirani wa pili ni muuguzi, ndiye aliyenifungua macho. Naftalini haiyeyuki, inapotea hewani polepole kama mvuke, na mvuke huo ndio unaoua. Ili uue lazima ujae ndani ya sanduku lililofungika kabisa. Kabati langu mlango mmoja umelegea bawaba, mwingine tunaufunga kwa mpira wa kubania, kwa hiyo mvuke wote ulikuja sebuleni kutazama taarifa ya habari pamoja nasi. Nondo walipata tetesi tu, sisi ndio tuliopata kichwa kuuma.

Kisha akaacha kucheka. Akasema vidonge vile mtoto mdogo anavidhani peremende. Tena wapo watu, na katika nchi za malaria kama yetu si wachache, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa watu hao naftalini inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Wapo watoto wachanga waliougua kwa kuvishwa tu nguo na kufunikwa mablanketi yaliyokaa na vidonge hivyo. Siku hiyo hiyo niliviokota kimoja kimoja kwa koleo, nikivihesabu, kwa sababu mjukuu wa shangazi alikuwa anatambaa.

Nasra akaleta njia yake ya kisayansi. Kiwavi na mayai ya nondo hufa kwa baridi kali. Ukifunga nguo vizuri ukaiweka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, umemaliza kazi bila sumu. Friza tunalo, ila ni la Mama Nasra la biashara: barafu, vibua na juisi za ukwaju. Nikachukua sweta langu la sufu, kumbukumbu ya miaka niliyofanya kazi Njombe, ndiko nilikojua kwamba kuna sehemu za nchi hii mtu hatoki jasho, nikalifunga, nikalisukuma chini ya vibua. Siku ya tatu mtoto wa jirani akatumwa barafu za mia tano. Akainua kifuniko, akachimba, akarudi kwao mikono mitupu na habari kwamba kwa Baba Nasra siku hizi wanagandisha sweta. Siku ya tano umeme ukakatika mchana kutwa, hesabu ikaanza upya. Sweta limepona, nakiri. Lakini mpaka leo mvua ikinyesha linatoa harufu ya kibua, na paka wa mtaa huu wananiheshimu kuliko wapwa zangu.

Katika kuhangaika huko ndipo nilipomkumbuka bibi mzaa mama, wa Pangani. Bibi alikuwa na kasha la mbao lenye misumari ya shaba, na ndani yake kulikuwa na kanga ambazo mama yangu alizikuta, nami nikazikuta, zingali na rangi zake. Hakuwa na friza, hakuwa na naftalini. Sisi wajukuu tuliamini siri ni udi. Alikuwa anapindua tenga juu ya chetezo, anatandaza nguo juu yake, moshi unapanda, nyumba inanukia kama kuna bibi harusi. Kisha anapanga kanga kashani na karafuu kavu zilizofungwa kwenye kitambaa, na majani makavu ya mwarobaini pembeni. Nikataka kumwiga, nikanunua udi wa elfu mbili.

Lakini nilipokaa nikakumbuka vizuri, udi ulikuwa kilemba tu; kichwa kilikuwa kwingine. Mvua za masika zikishakatika, bibi alitenga siku moja, na siku hiyo hapakuwa na mtoto wa kwenda kucheza. Kila kilichomo kashani kilitoka. Kilichovaliwa hata mara moja kilifuliwa kabla hakijarudi. Nguo zilikung'utwa moja moja, zikageuzwa ndani nje ili jua lisile rangi, zikaanikwa uani mpaka alasiri. Kasha lilipanguswa hadi kwenye pembe, likaachwa wazi nalo lipate jua. Nguo hazikurudi zikiwa na joto la jua. Zilingoja zipoe, kwa sababu, alisema, nguo ya moto hutoa jasho kama mtu. Na zikikunjwa, hazikunjwi penye mkunjo wa mwaka jana. "Mkunjo mmoja ukikaa sana unageuka kisu," alituambia, na kanga nilizozikunja kivivu alizikunjua mbele ya macho yangu.

Basi siri yote ndiyo hiyo. Kiwavi hapendi mwanga wala kusumbuliwa, na bibi alikuwa msumbufu wa viwango vya juu. Moshi wa udi peke yake haumuui, wala karafuu haimfukuzi akishakuwa amehamia. Kinachomwondoa ni mkono unaokung'uta na jua linalofuata.

Nami nikasema nimsumbue. Jumapili nikatoa kila kitu kabatini. Ilikuwa kama kupakua lori.

Zilikuwemo henga za waya nilizozipata kwa dobi, zimeshika kutu na kuitia kutu kola ya kanzu. Lilikuwemo sweta la pili, nililolitundika kwa henga hizo hizo. Uzito wake umelivuta mpaka mabega yameota mapembe na mikono inafika magotini. Sweta hukunjwa, koti ndilo hutundikwa, tena kwa henga pana ya mbao au plastiki. Ilikuwemo kanzu niliyoitia uwanga ikasimama yenyewe, nikaiweka hivyo hivyo miezi minane. Mende na wale wadudu wa fedha wanaokimbia vitabuni wanakula wanga, kwa hiyo wameiramba mpaka kifuani. Uwanga hutiwa siku ya kuvaa, si siku ya kuweka.

Halafu zikaja sare. Ndugu zangu, sare! Sare ya harusi, sare ya sendofu, sare ya arobaini, sare ya mahafali ya chekechea. Vitenge kumi na vinne, karibu kila kimoja kimevaliwa jioni moja na kulipiwa miezi mitatu. Chini ya sare kulikuwa na doti saba za kanga za Mama Nasra, hazijakatwa wala kupindwa, anaziwekea "siku". Siku gani, hakuna aliyewahi kutangaza. Chini ya kanga kulikuwa na gauni la Idi la Nasra akiwa na miaka sita, lililowekwa lisichakae. Halikuchakaa. Nasra sasa ana miaka kumi na tisa.

Nikakaa juu ya begi la shangazi kaja nikiwa nimezungukwa na nguo hizo, na ugomvi wangu na nondo ukanitoka. Kasha la bibi lilihifadhi kwa sababu lilikuwa na nguo ambazo mtu mmoja anaweza kuzianika kwa siku moja. La kwangu ni ghala. Halina hewa, maana hata kidole hakipiti katikati ya henga na henga. Chini yake hakujafikiwa miaka, na pasipofikiwa na mwenye nyumba pana mwenyewe mwingine. Tunasema tunatunza nguo, kumbe tumezizika, halafu tunashangaa zinaoza.

Utauliza nilivaa nini ukumbini. Fundi cherehani aliitazama suti mara moja tu, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayetoa rambirambi. Nikavaa moja ya sare: shati la kitenge cha zambarau, la harusi ya mwaka 2018, ambalo nalipenda na nalivaa karibu kila Ijumaa, linafuliwa, linaanikwa, linarudi. Lilikuwa safi, halina doa wala tundu. Nikashika kipaza sauti, nikakohoa, nikakaribisha wakwe. Niliposhuka jukwaani nikakutana uso kwa uso na bibi harusi wa mwaka 2018 mwenyewe. Ndoa ile ilivunjika kabla deni la kitenge halijaisha.

"Shikamoo, mjomba," akasema, macho kwenye shati. "Bado unalo?"

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Limedumu."

Neno lilishatoka, nikatafuta pa kulificha, sikuona. Bahati nzuri alicheka yeye kwanza.

Suti nimemwachia fundi. Amepata humo kizibao kimoja na vifuniko viwili vya mito. Sare kumi zimegawiwa. Mama Nasra amepinda doti mbili na anazivaa siku za kawaida, na hakuna kilichoharibika ila dhana yangu kwamba ana kanga chache. Wewe unayesoma huku ukicheka tundu saba za suruali yangu, nenda kafungue kabati lako. Kilichovaliwa kifue, kilicholowa kikauke, kilichofungwa plastiki kitoe, usichokivaa mpe atakayekivaa. Fanya leo kabla jua halijashuka, maana mwenzako hulala mchana na zamu yake inaanza usiku.